Niliuza cherehani ya jirani 2007, nimeokoka lakini siezi kushiriki Meza ya Bwana

Bwana asifiwe Mama. Naomba usitaje jina langu wala kanisa ju watu wa hapa wananijua. Mimi ni mwanaume wa miaka 37, naishi Kisumu, kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha, niko na bibi na watoto wawili. Niliokoka 2014 na saa hii ni naibu mwenyekiti wa wanaume kanisani, naongoza maombi ya Alhamisi, wengine wananiletea shida zao niwaombee. Hakuna hata mmoja anajua haya nakuandikia, hata bibi yangu hajui.

Nikiwa kijana tulikuwa tunaishi Manyatta kwa ploti ya mabati, na hapo mbele barabarani kulikuwa na mama fundi wa nguo, nitamwita Mama Njeri lakini si jina lake. Yeye ni Mkikuyu na sisi ni Wajaluo na hiyo haikuwa shida, alikuwa amekaa hapo tangu nikiwa mdogo, Kijaluo alikuwa anaongea kama sisi tu. Alinishonea yunifomu ya darasa la kwanza na zile zilifuata mpaka sekondari. Wakati baba alikufa na mama hakuwa na pesa, alishona akasema atalipwa pole pole. Sidhani kama alimaliziwa.

Tarehe 30 Desemba 2007 jioni vile matokeo ya urais yalitangazwa, unajua vile Kisumu ilikuwa, moshi kila mahali, supamaketi zinavunjwa, risasi usiku kucha. Kesho yake kikundi cha vijana kikashuka na barabara yetu, wengine hata sikuwa nawajua, wanauliza duka hii ni ya nani na hii ni ya nani, walipofika hapo wakauliza hiki kibanda ni cha nani nikasema ni cha Mama Njeri, wakavunja kufuli na mimi nikaingia nao. Wengine walibeba vitambaa na nguo za watu. Mimi na kijana mwingine tulibeba cherehani, ile nyeusi ya kukanyaga na miguu, ni nzito sana, tukaificha kwa choo cha zamani nyuma ya ploti. Vita vilipotulia kidogo niliiuzia mtu wa Kibuye shilingi 3,000, yule mwenzangu nikampea kitu kidogo, ingine nikanunua simu.

Mama Njeri hakuwa hapo hiyo saa. Nasikia jirani alikuwa amemficha na watoto wake, usiku wakapelekwa polisi steshen, halafu malori yakawabeba hadi Nakuru. Sikuwahi kumwona tena.

Sasa Mama tangu niokoke hii cherehani inanifuata. Nilimwambia pasta kwa juu juu kwamba niliwahi kuiba kitu wakati wa vita, akaniambia ya kale yamepita, damu ya Yesu imeosha, nisimpe shetani nafasi ya kunikumbusha. Nikashukuru, nikakaa kama miezi hivi niko sawa, halafu ikarudi. Ikifika Desemba silali vizuri, nasikia ile sauti ya cherehani ikishona. Siku ya Meza ya Bwana natafuta sababu, mara nasimamia magari nje, mara nakaa na watoto wa shule ya Jumapili, ju nikishika ule mkate mkono unatetemeka. Bibi yangu saa hii anataka kuchukua loni kwa chama anunue cherehani aanze kushona, amefurahia sana hiyo mpango, na mimi nimekataa mara ya kwanza na ya pili bila kumpa sababu, amekasirika anasema sitaki ainuke.

Halafu juzi nimeenda matanga huko Ahero nikakutana na mama mmoja tulikuwa naye ploti, tukaongea ya zamani, akaniambia Mama Njeri yuko Nakuru upande wa Free Area, huwa wanaongea kwa simu. Anasema bado anashona lakini anashonea mtu, hakuwahi kupata cherehani yake mwenyewe tena. Nilienda nyuma ya hema nikalia.

Maswali yangu ni haya. Mungu amenisamehe au hajanisamehe? Kama amenisamehe mbona moyo hautulii? Je nimtafute huyo mama ama nitakuwa nafukua kaburi? Na nikimtafuta akinipeleka polisi itakuwaje na watoto wangu? Nimeshindwa Mama. Nisaidie.

Ndugu wa Kisumu

JIBU

Mwanangu, amina, na Bwana asifiwe. Nimeisoma barua yako nikairudia tena, na kitu cha kwanza nataka ujue ni kwamba hayo machozi ya nyuma ya hema ni dalili nzuri. Mtu ambaye roho yake imekufa angesikia habari za Mama Njeri aulize tu chakula kinaletwa saa ngapi.

Swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka. Mungu amekusamehe kama uliungama kwake kwa kweli. 1 Yohana 1:9 inasema tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu na kutusafisha na udhalimu wote, wote, hata wa Desemba 2007. Hausubiri mwaka mwingine wa kufunga na kuomba ndio upewe. Pasta wako hakukudanganya. Ila naona aliharakisha, na pengine ni ju wewe mwenyewe ulimwambia kwa juu juu, sasa angekusaidia vipi na kitu hajaonyeshwa? Ile ya kale yamepita iko 2 Wakorintho 5:17, ni kweli kabisa, lakini endelea mstari wa 18 usome kile Paulo anasema hapo hapo, kwamba Mungu alitupatanisha na nafsi yake kisha akatupa huduma ya upatanisho. Hizo mbili zimefuatana. Aliyepatanishwa na Mungu anatumwa kwa watu, na wewe kuna mtu mmoja hujawahi kutumwa kwake ama umetumwa ukakataa kwenda.

Sasa niruhusu nikuguse mahali pale panauma. Umeandika cherehani, cherehani, cherehani kuanzia juu mpaka chini. Lakini kuna mahali umepita mbio sana, ni pale vijana waliuliza kibanda ni cha nani na wewe ukasema ni cha Mama Njeri. Umeweka hiyo katikati ya sentensi ndefu kama kitu kidogo, kisha ukakimbilia kufuli. Mimi nafikiri hapo ndipo usingizi wako umekwama. Wale vijana hawakuwa wanamjua huyo mama. Wewe ulimjua. Walihitaji mtu wa kuwaambia na mtu akapatikana, na ni yule alishonewa yunifomu kwa deni. Cherehani inaweza kulipwa na pesa, mwanangu, na nafikiri ndio maana akili yako imeishikilia hivyo, ju cherehani iko na bei. Lile jina ulilotaja halina bei.

Sijui kama ulilitaja kwa uoga ama kwa hasira ama kwa kutaka kuonekana mmoja wao. Hiyo siku kukaa kimya mbele ya kikundi kama hicho pia ilikuwa hatari, sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi, na ulikuwa kijana wa miaka 19. Wewe na Mungu ndio mnajua ndani ya moyo wako kulikuwa na nini. Lakini unapoungama, ungama hilo pia, kwa jina lake. Ukimrudishia Mama Njeri pesa ya cherehani na ukamficha hilo, utarudi Kisumu na sauti bado iko masikioni.

Na hapo hapo nikuondolee mzigo ambao si wako. Tume ya Jaji Waki, ile iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi, ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na zaidi ya watu 600,000 walihama makwao. Hayo hayakuanzishwa na kijana wa Manyatta. Kulikuwa na viongozi na pesa na uchochezi wa miaka mingi, mashamba, siasa, chuki iliyopikwa mapema. Mimi naishi Nakuru, niliona watu wakifika Showground na uwanja wa Afraha na magodoro kichwani, na kabla ya hiyo Januari 2008 kuisha Nakuru yenyewe ikawaka, kwa hivyo Mama Njeri alitoroka moto wa Kisumu akapata mwingine huku. Na watu wa kwenu pia walifukuzwa Nakuru na Naivasha wakarudi Kisumu na nguo walizovaa. Usijaribu kutubu kwa niaba ya hao wote. Tubu kwa kibanda kimoja. Hicho ndicho kilikuwa mikononi mwako.

Umeuliza kama umesamehewa mbona moyo hautulii. Daudi anasema kwa Zaburi 32 kwamba aliponyamaza mifupa yake ilichakaa kwa kuugua kwake mchana kutwa. Kuna watu wanafikiri ile hali ni ya mtu ambaye hajasamehewa, lakini angalia vizuri, ni hali ya mtu aliyenyamaza. Na wewe umenyamaza kwa kila mtu huku unaongoza maombi ya Alhamisi. Kila mtu akikuletea shida yake umwombee unazidi kuwa mbali nao, ju unajua wanamletea mtu ambaye hawamjui. Hiyo peke yake inachosha mtu mpaka mifupa. Yakobo 5:16 inatuambia tuungamiane dhambi zetu na kuombeana tupate kuponywa, sikiza neno kuponywa, uponyaji hapo umewekwa pamoja na kumwambia mtu mwingine.

Watu wengi wangekuambia shida yako ni hujajisamehe. Mimi sikuambii hivyo. Sijaona mahali kwa Biblia tumeambiwa tujisamehe wenyewe, tumeambiwa tuungame, tupokee, turudishe, tupatane. Ukianza kujilazimisha kujisamehe utakuwa hakimu na mshtakiwa kwa kesi moja, na hiyo kesi haiishi.

Kuhusu Meza ya Bwana, acha kujificha nje na magari. Naona umeshika ile sehemu ya 1 Wakorintho 11 inayotisha kuhusu kula isivyostahili, ukaacha mstari wa 28 unaosema mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate. Ajihoji, kisha ale. Haijasema ajihoji kisha akimbilie kwa watoto wa shule ya Jumapili. Lakini Yesu mwenyewe kwa Mathayo 5 anasema ukiwa unaleta sadaka madhabahuni na ukumbuke ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, uende upatane naye kwanza, kisha urudi. Kwa hivyo ushauri wangu ni huu, anza safari ya kwenda kwa Mama Njeri kwa dhati, na ukishaianza, yaani umeshaongea na wale nitakutajia hapa chini na umekusudia bila kurudi nyuma, kula. Usingoje mpaka huyo mama akusamehe ndio ule, ju ukifanya hivyo utakuwa umemfanya Mama Njeri mlinzi wa mlango wa Kristo, na hakuomba hiyo kazi.

Kurudisha si kununua msamaha. Wengine watakuambia ukilipa unadharau damu ya Yesu, na mimi nawaambia wasome habari za Zakayo vizuri, Luka 19. Yesu aliingia kwake kwanza, na baadaye ndio Zakayo akasimama akasema aliyemnyang'anya kitu atamrudishia mara nne. Neema ilifika mbele, mkono ukafuata mfukoni. Na Sheria ya zamani kwa Hesabu 5 ilikuwa imesema aliyekosea mwenzake aungame, arudishe kamili, na aongeze sehemu ya tano juu yake. Hapa kwetu Afrika Mashariki tumewahi kuona hiyo ikifanyika. Ule uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukaingia Kenya ukafika mpaka huko kwenu Nyanza, moja ya alama zake ilikuwa watu kuokoka kisha kubeba vitu walivyoiba na kuvirudisha kwa wenyewe, mchana, watu wakiona. Uliza wazee wa kanisa lako, pengine kuna ambao bado wanakumbuka wazazi wao wakifanya hivyo. Siku hizi tunatoa ushuhuda mtamu sana wa vile tulikuwa wezi, na yule tulimwibia hajawahi kuona hata senti.

Sasa tuingie kwa vitendo.

Wa kwanza kuambiwa ni bibi yako. Kabla ya pasta, kabla ya Mama Njeri. Yeye ndiye anaumia saa hii bila kujua sababu, anafikiri bwanake hataki ainuke, na kila siku ukinyamaza hiyo fikira inaota mizizi. Tafuta jioni watoto wamelala, zima simu, umwambie yote kama ulivyoniandikia mimi, na lile la jina ulilotaja pia. Usimwambie ukitegemea akufariji. Anaweza kushtuka, anaweza kulia, anaweza kukuuliza maswali ambayo hutaki. Mpe nafasi. Na umwambie wazi kwamba kukataa kwako hakukuwa ju yake. Pesa mtakayomlipa Mama Njeri itatoka kwa nyumba yenu wawili, kwa hivyo ana haki ya kujua inaenda wapi. Kuhusu cherehani yake ya biashara, isiwe adhabu kwake kwa kosa lako, nunueni wakati wake ukifika, ila naomba ya Mama Njeri itangulie.

Wa pili ni pasta, na safari hii si juu juu. Mwambie pia kama unaona upumzike kuongoza maombi kwa muda, halafu umwachie yeye na wazee waamue, usijitetee na usijihukumu. Nakuomba kitu kimoja hapa, usisimame mbele ya kanisa kutoa huu ushuhuda kabla Mama Njeri hajasikia kutoka kwako. Dunia ni ndogo, matatu ya Kisumu kwenda Nakuru zinajaa kila asubuhi, na itakuwa vibaya sana huyo mama asikie kisa chake kimegeuka mahubiri huko Kisumu.

Hofu yako ya polisi ni ya haki na siezi kuipuuza. Sheria ya Kenya haisemi kosa kubwa kama kuvunja na kuiba linaisha ju miaka imepita, kwa hivyo usikubali mtu akudanganye kwamba hakuna kitu kinaweza kutokea. Kabla hujaenda popote au kuandika chochote, kaa chini na wakili umweleze ukweli wote, kuna mawakili Kisumu na mashirika yanayotoa msaada wa sheria bila malipo, pasta anaweza kukutafutia. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 159 inataka mahakama zihimize upatanisho na njia za kusuluhisha nje ya korti, na watu wengi wanaolipwa haki yao kwa hiari hawatafuti kesi. Lakini lazima uende ukijua kwamba Mama Njeri ana haki ya kuchagua njia ya sheria. Ukienda na sharti la kwamba asikushtaki, hiyo si toba tena. Pigia hesabu hiyo gharama ukiwa nyumbani, na bibi yako akijua.

Baada ya hapo ndio unamwendea yule mama wa Ahero. Usichukue namba ya Mama Njeri ukapiga ghafla, na usiende Free Area kugonga mlango wa mtu. Fikiria huyo mama, mara ya mwisho vijana wa ile ploti kufika kwake walifika na nini? Akiona mwanaume amesimama mlangoni anasema mimi ni yule kijana wa Manyatta, moyo wake utarudi 2007 kabla hujafungua mdomo. Mwambie huyo jirani wa zamani mliyekutana Ahero ampigie Mama Njeri amuulize, kuna mtu wa zamani ana deni lako na anataka kukueleza kitu, unataka kumsikia au hutaki? Akitaka kujua ni nani, aambiwe. Yeye ndiye atachagua kama ni simu, ama barua, ama mkutane, na ni wapi, na nani awe hapo.

Na usiende peke yako. Nikisoma ile barua fupi ya Paulo kwa Filemoni huwa naona Onesimo hakurudi kwa bwana wake mikono mitupu, alirudi na barua ya mtu anayeheshimiwa, ambamo Paulo ameandika kama amekudhulumu au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu. Pasta wako na awe Paulo wako hapo. Akiweza kupanda gari na wewe kupitia Ahero, Kericho, Salgaa mpaka huku Nakuru, vizuri sana. Kama hawezi, aandike.

Pesa. Usilete 3,000. Hiyo ilikuwa bei ya wizi. Uliza leo duka la mafundi cherehani ya kukanyaga ya kiwango kile inauzwa ngapi, hiyo ndiyo kamili, kisha ongeza ile sehemu ya tano. Fikiria pia vile vitambaa na nguo za wateja, hukubeba wewe lakini uliingia nao, na yeye ndiye aliachwa na aibu ya wateja. Na ile yunifomu mama yako alikuwa analipa pole pole, kama mama yako bado yuko hai, muulize deni lilibaki ngapi. Miaka yote ambayo ameshonea mtu mwingine huwezi kuilipa, na usijifanye unaweza, lakini iseme. Kama huna pesa yote kwa mkupuo, usikope kwa hizi aplikesheni za simu zikakumeza, sema ukweli kwamba utalipa kila mwezi kiasi fulani na ulipe bila kukumbushwa.

Kile utasema ni muhimu kuliko pesa. Kiseme kifupi. Mimi ndiye niliwaambia kibanda ni chako. Niliingia nao. Nilibeba cherehani yako nikaiuza nikanunua simu. Ulikuwa umenitendea mema na nilijua. Hii ndiyo pesa yake. Halafu nyamaza. Usiseme shetani alinitumia, usiseme tulikuwa vijana, usiseme kila mtu alikuwa anafanya, na tafadhali usitaje yale watu wa kwenu walifanyiwa Nakuru na Naivasha, ni kweli yalitendeka na yanauma, lakini si yeye aliyeyafanya na si siku hiyo. Usimsomee Mathayo 6 kwamba asiposamehe na yeye hatasamehewa, hiyo ni kumwibia mara ya pili. Usimuulize hapo hapo umenisamehe? Ukimuuliza utakuwa unamwomba kitu kingine tena, na wewe umeenda kutoa.

Akilia, mwache alie. Akikasirika akakuambia mambo makali, sikiza mpaka mwisho. Pengine kuna vitu vilitokea hiyo usiku ya polisi steshen na hayo malori ambavyo hujui, pengine mtoto aliugua, pengine ndoa ilivunjika huko kwa mahema, na utavisikia kwa mara ya kwanza. Huo ndio utakuwa wakati mgumu zaidi na nakuomba usikimbie. Kama atakukumbatia, mshukuru Mungu. Kama atasema nimesikia, enda, basi enda.

Kuhusu usingizi na ile sauti ya Desemba, usifikiri ni shetani peke yake. Mtu aliyepitia ghasia, hata yule aliyekuwa upande wa kuvunja, mwili wake unaweka kumbukumbu. Anza na hospitali ya kaunti, uliza mshauri nasaha, ukamweleze. Hiyo si kukosa imani, na maombi yako yataendelea vizuri ukiwa umelala.

Lile la kufukua kaburi sikubaliani nalo. Mama Njeri hajazika kitu, yuko hapa Nakuru anakanyaga cherehani ya mtu mwingine kila siku, analipwa kwa nguo, na anajua vizuri kwa nini hana yake. Aliyekuwa anaona hilo jambo limezikwa ni wewe.

Na kama jirani atapiga simu na jibu likawa hapana, sitaki kumwona wala kumsikia, uheshimu hilo jibu na usitume mtu mwingine. Muulize jirani tu kama Mama Njeri anakubali kupokea kilicho chake kupitia kwa huyo jirani. Akikubali, tuma yote, na ile sehemu ya tano, bila barua ya kuomba msamaha, bila mstari wa Biblia, bila namba yako ya kurudishiwa jibu, na ujumbe uwe kwamba hii ni pesa ya cherehani na aliyeichukua anajua alikosa. Akikataa hata pesa, iwekeni kando wewe na bibi yako kwa jina lake, isiguswe, ju anaweza kubadilisha nia mwaka ujao au baada ya miaka kumi, na ikiitishwa iwe iko.

Ongea na bibi yako wiki hii, mwanangu. Halafu uniandikie.